Kebini ya Mbele

Kwa mtu wa Garissa wa rika langu, neno kebini lina maana moja tu. Ni chumba cha mbele cha lori: usukani mpana kama sinia la pilau, kiti kilichopasuka kikashonwa kwa uzi wa gunia, tasbihi inaning'inia kwenye kioo, harufu ya dizeli imechanganyika na ubani na maziwa ya ngamia, na joto la injini linapanda kutoka sakafuni hadi unahisi nyayo zinaiva ndani ya makubadhi. Sisi wengine tulipanda juu ya mizigo, tukashikilia kamba za turubai, tukala vumbi. Kebini ilikuwa ya wazee, ya wajawazito, ya mke wa mwenye lori, na ya kaka yangu.

Kaka yangu hatembei.

Ndiyo maana alicheka sana mpwa wetu wa Minneapolis alipomtumia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chake kilichotiwa Kisomali na Kiingereza kama chai iliyotiwa viungo, akisema: "Abti, nimeanza kukutafutia kebini. Niambie kiti chako kina upana gani." Abti ni mjomba kwetu. Kaka aliusikiliza ujumbe, akaurudia, kisha akanitazama juu ya miwani. "Huyu mtoto anataka kunipandisha lori?"

Halikuwa lori. Ilikuwa meli ya kitalii, zile zenye ghorofa nyingi kama mtaa mzima uliosimamishwa wima, zinazotoka Miami kuzunguka visiwa vya Karibi. Mpwa alikuwa amepanga kwamba mjomba akipata viza na kufika kwao, familia yote ipande pamoja. Lakini mimi sikusikia habari ya meli. Nilisikia kebini, na masikio yangu yakarudi stejini, alfajiri, malori yakipashwa moto.

Polio ilimkuta kabla hajatimiza miaka miwili. Kisomali huiita dabeysha, jina linalotokana na upepo, na wazee wetu walilielewa hivyo hivyo: kitu kinapita usiku, mtoto analala na homa, asubuhi ukimsimamisha miguu inajikunja kama kitambaa kibichi. Mtaani hakuwa peke yake. Kila bulla, yaani kila mtaa wa mji wetu, ilikuwa na mtoto au wawili wa namna hiyo, wanaotambaa mchangani wamevaa kandambili mikononi, wakicheza gololi na wenzao na mara nyingi wakishinda, kwa sababu wao walikuwa karibu zaidi na ardhi. Hakuna aliyewatengenezea kitu. Hakuna aliyewafukuza pia.

Baba alisikia habari za Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo iliyoko Thika tangu miaka ya sitini, chini ya Jeshi la Wokovu. Mtoto wa Kiislamu kupelekwa kwa Jeshi la Wokovu? Wazee wa msikitini walikuwa na la kusema, wakalisema. Baba akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza kama wanayo shule nyingine ya kumwonyesha. Hawakuwa nayo. Basi mara tatu kwa mwaka, shule zikifunguliwa, kaka alisafirishwa kwenda Thika, na kila zikifungwa akarudishwa, na tangu nilipotimiza miaka kumi na mitatu msindikizaji wake nilikuwa mimi, mdogo wake kwa miaka miwili lakini mwenye mabega.

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370, na Thika iko karibu na mwisho wa safari hiyo. Leo watu husema saa tano, saa sita. Enzi hizo tulisema siku, tukamalizia na inshallah.

Basi lilikuwepo. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba na njia ya katikati imejaa madebe, mikeka, masanduku ya bati na kuku waliofungwa miguu, hata mwenye miguu yake mizima alipita kwa kuomba radhi. Lori ndilo lililokuwa rahisi, ingawa kebini yake ilikuwa juu kama dari. Utingo mmoja angeingia kupitia mlango wa dereva na kunyoosha mikono. Mwingine, jitu la Mwingi lenye kifua kama pipa, angepiga goti mchangani, kaka akamkumbatia shingoni, mimi nikashika magongo na mfuko wa vile vyuma vya miguu vilivyogongana kama sufuria, na kabla bismillahi haijafika mwisho mtu alikuwa ndani, kanzu imenyooshwa, mto umewekwa mgongoni, na dereva anamuuliza kama amekunywa chai. Hakuna aliyedai nauli ya kebini. Madereva walimwita Bwana Kebini, na jina likamganda.

Leo utingo hayupo. Kuna makanga mwenye mashine ya risiti.

Kwenye daraja la Tana abiria wote walishuka. Msomaji wa upande wetu hahitaji maelezo: ulishuka, ukapanga foleni, ukatoa kitambulisho, na baada ya msako wa 1989 Msomali alitoa na ile kadi ya pinki ya kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya. Siku moja askari mgeni alimkuta kaka amebaki peke yake kebini akamwamuru ashuke. Kaka akamjibu kwa upole, "Afande, nishushe." Askari akaitazama ile miguu, akatazama umbali kutoka kitini hadi ardhini, halafu akaufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Kaka aliisimulia hadithi hiyo kwa miaka, na mshindi kila mara alikuwa yeye.

Baada ya daraja ni Madogo, kisha Bangale, kisha kilima cha Ukasi ambako injini ililia na utingo akatembea kando na jiwe mkononi, tayari kulitupa nyuma ya tairi, kisha Mwingi kwa chai ya maziwa na mandazi ya pembe tatu, kisha Matuu kwa maembe, na hatimaye Thika, na harufu ya mananasi ambayo hata usingizini ilikuambia umefika. Miaka ya tisini ilipokuja na majambazi wake, magari yalianza kusafiri kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma. Hapo kebini ikabadilika thamani, kwa sababu mwenye bunduki kichakani humlenga dereva kwanza. Kaka alikuwa amemaliza shule zamani, anafanya kazi ya kutengeneza redio na saa, na safari zake zilikuwa za kununua vipuri Nairobi. Mama alimsihi akae nyuma kama watu wengine. Lakini nyuma hapakuwa na mlango wa kumwingiza.

Kiti cha magurudumu cha kwanza kilimfikia miaka hiyohiyo. Kilitoka Nairobi, cha chuma kizito, kitambaa chake cheusi, aina ile ya viti ambavyo Chama cha Walemavu wa Viungo nchini, APDK, kilichoanza 1958, kimewapa Wakenya wengi. Tulikizunguka uani kama watu wanaotazama gari jipya. Mama akakifukiza ubani. Kaka akakikalia, akashika magurudumu, akajisukuma kutoka mlangoni hadi kwenye kisima cha maji bila mkono wa mtu, mita kumi hivi, akageuka akarudi. Mimi nilifurahi. Nilihisi pia kitu kingine kidogo ambacho wakati huo sikukipa jina.

Furaha iliishia getini. Garissa ni mchanga, na magurudumu madogo ya mbele yalizama mchangani kama kijiko kwenye uji. Kiti kilichoundwa kimpeleke mtu kikawa nacho kinabebwa: kaka mgongoni mwangu, kiti kichwani mwa mtoto wa jirani. Leo barabara kadhaa za mjini zimetiwa lami, na jioni utamwona anateremka kwenda msikitini peke yake, kofia imelala upande, anasalimia kushoto na kulia kama diwani. Ngazi tatu za msikiti zilitiwa mteremko wa saruji, na vijana waliouchanganya mchanga na simiti hawakumwita mtu kupiga picha. Hilo ni jambo jema na ninalisema.

Pia ninalisema hili. Watoto wanaotambaa na kandambili mikononi hawapo tena mtaani kwetu. Mwaka 2013 polio ilirudi kupitia kambi za Dadaab, Kenya ikahesabu wagonjwa 14, na akina mama waliokuwa na visanduku vya chanjo mabegani walipita nyumba kwa nyumba wakiweka alama ya wino kwenye vidole vya watoto na chaki kwenye milango. Kaka alikaa kizingitini siku hizo zote. Mzazi akisitasita, alimwita tu na kumwonyesha miguu yake. Hakuhubiri. Viti vya magurudumu vinavyoonekana leo mjini ni vya waliogongwa na pikipiki, na vya waliopigwa risasi.

Na safari? Safari imekuwa nzuri kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Basi la siku hizi ni refu, lina kiyoyozi, lina pazia, lina waya wa kuchajia simu kwenye kila kiti. Tiketi unakata ukiwa kitandani, pesa unatuma kwa M-Pesa, namba ya kiti unaichagua mwenyewe kwenye kioo cha simu. Lakini ili mizigo ikae vizuri, sakafu ya abiria imepandishwa juu ya buti, na ngazi zikaongezeka kutoka mbili hadi nne, nyembamba, zenye kona. Alilolibeba utingo wa Mwingi kwa goti moja sasa linahitaji watu watatu wasioweza kupita watatu kwa pamoja. Safari moja nilikata kiti namba moja kwa simu siku nne kabla, tukafika tukakuta kimekaliwa na bwana mwenye tumbo aliyesema naye amekilipia. Makanga, kijana mpole ambaye simlaumu sana, alikuna kichwa mbele yetu: abiria wa kubeba akianguka atalipa nani? Halafu akaongeza kwamba kiti cha magurudumu kikiwekwa kwenye buti ni mzigo, na mzigo una bei yake.

Mtu mzima alikwisha kulipa. Sasa miguu yake nayo ikatozwa.

Sio kwamba nchi haina maandishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya badala ya ile ya zamani. Kaka anazo zote kwenye simu na hunisomea vifungu tukinywa chai, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mpira. Mimi nikamwambia mara moja kwamba utingo wa Mwingi hakuwahi kusoma kifungu chochote. Akanyamaza, akameza chai. Nilidhani nimemshinda.

Kuna safari tuliyoivuka kwa chombo cha majini, nayo haikuwa ya kitalii. Novemba 2023, mvua za El Nino zilipokuja, Tana ilitoka kitandani mwake kama ilivyotoka 1997, ikaikata barabara upande wa Madogo. Kaka alikuwa anarudi kutoka kliniki Nairobi. Basi likatufikisha kwenye ukingo wa maji, watu wakashuka na masanduku vichwani, na mbele yetu, mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa lami, palikuwa ziwa la rangi ya chai ya maziwa, na mashua zinapita juu ya barabara. Mwenye mashua alimtazama kaka, akakitazama kiti, akataja bei mbili: ya mtu, na ya kiti, sawa na gunia la sukari. Hatukubishana. Vijana wawili waliokuwa magotini ndani ya maji wakamnyanyua kwa mtindo uleule wa zamani, mmoja kwapani, mwingine chini ya magoti, wakamweka kwenye ubao wa katikati, kiti kikafungwa ubavuni kwa kamba. Kaka alikaa wima, mikono imeshika ubao pande zote mbili, macho hayahami kwenye maji.

Nilimwambia asiogope. Akaniambia: "Wewe ukianguka utasimama. Maji ni ya kiunoni."

Mwishoni mwa Aprili 2024 maji yalirudi, na usiku mmoja mashua ikapinduka palepale, mahali panapoitwa Kona Punda, watu wakafa. Habari zilipotufikia kaka hakusema kitu. Alikitoa kile kiti uani akaanza kukaza skrubu ambazo hazikuwa zimelegea.

Sasa nirudi kwenye meli. Mpwa wetu ana subira ya mhasibu, na kila Jumapili alituma ujumbe mrefu wa alichogundua. Meli moja ina vyumba zaidi ya elfu, lakini vilivyotengenezwa kwa mtu wa kiti ni vichache, na huisha mapema kuliko vingine, wengine huviwahi mwaka mzima kabla. Usiridhike ukiona alama ya kiti kwenye picha: kuna vyumba vya mtu asiyetembea kabisa, na kuna vyumba vya mtu anayeweza kupiga hatua chache akishika ukuta, na wauzaji wengine huvitaja kwa pumzi moja. Uliza mlango una inchi ngapi. Chini ya 32, kataa. Uliza kama bafu lina kizingiti, kama kuna kiti cha kukunjua chini ya bomba la mvua, kama kitanda kina nafasi ya kugeuzia kiti pembeni yake, kama mlango wa roshani una tuta. Jaza fomu ya kueleza hali yako, kwa sababu wapo wenye miguu mizima wanaovipenda vyumba hivyo kwa ukubwa wake.

Na hayo yote, akaeleza, hayakuletwa na huruma ya wenye meli. Watu waliokuwa na viti walishtaki. Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line, iliamua kwamba sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu inazifikia, kwa mipaka fulani, hata meli zenye bendera ya nchi nyingine zikiwa kwenye maji ya Marekani. Kaka alipenda hapo. Alimwomba mpwa arudie jina la kesi, akaliandika.

Ujumbe wa mwisho ulihusu bandari. Mahali pengine meli hufunga gatini, abiria wanashuka kwa daraja. Pengine maji ni mafupi, meli inatia nanga mbali na abiria wanapelekwa pwani kwa mashua ndogo, na hapo mwenye kiti mara nyingi huambiwa abaki, aitazame nchi kwa dirisha. Kwa hiyo chagua njia yenye magati.

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe Mokowe iko kila mahali!"

Mokowe ni kule unakoacha gari ukielekea Lamu. Tulienda naye kwenye Maulidi mwaka mmoja, ujanani, kwa Land Rover ya mtu, na tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, mashua iko chini kabisa, ngazi za gati zimeota ukoka wa baharini. Mchukuzi mmoja mzee, mwembamba kama mlingoti, akampa mgongo bila kuulizwa, akateremka naye ngazi moja moja huku akiimba, na mashua nzima ikaitikia. Kwangu hilo ni kati ya mambo mazuri niliyowahi kuyaona. Bahari ya jioni, harufu ya chumvi na samaki wa kukausha, kofia za viua, na kaka yangu anashuka kutoka nchi kavu kwenda majini juu ya mgongo wa mtu asiyemjua.

Nikamkumbusha. Nikasema yale ambayo watu wa umri wetu husema: zamani hakukuwa na viti wala vifungu, lakini watu walikuwa na utu, hukuwahi kuachwa stejini hata siku moja, leo kila kitu kina bei.

Akaiweka simu chini.

"Unaikumbuka chupa ya Treetop?" akauliza.

Niliikumbuka. Alisafiri nayo siku zote, ile chupa ya sharubati, kwenye mfuko wa kitambaa. Nilidhani ni ya maji.

"Nilikuwa naacha kunywa maji tangu magharibi ya jana yake," akasema. "Kwa sababu nikitaka kwenda haja, lazima lori lisimame, utingo ateremke, wewe uteremke, nibebwe hadi kichakani mbele ya watu hamsini walioko juu ya mizigo, nibebwe kurudi. Basi nilikaa na kiu mpaka Thika. Nikishindwa, nilingoja dereva ashuke, nikatumia chupa. Yule mchukuzi wa Mokowe, Mungu amrehemu, alinibana mbavu wiki nzima nikawa siwezi kucheka. Nyinyi mnakumbuka nyimbo."

Kimya kikakaa. Halafu akaongeza, si kwa hasira: "Zamani ilikuwa nzuri. Wewe ndiye uliyekuwa ukibeba."

Nimelizungusha neno hilo kichwani wiki kadhaa. Sidhani alikuwa anawatukana akina utingo. Ukitaja yule wa Mwingi mbele yake macho yake hulainika mpaka leo, na alipokufa alituma ubani. Alikuwa anaweka hesabu sawa. Mikono ile ilikuwepo kweli, na ilikuwa ya bure kwa yule aliyeitoa; aliyepewa aliilipia kwa kiu, kwa mbavu, kwa kungoja mtu mwingine aamue saa ya kuondoka na saa ya kushuka. Nilichokihisi siku ile aliposukuma kiti hadi kisimani na kurudi, sasa najua jina lake. Nilihisi nimepunguzwa kazi.

Lakini naye sijamwachia ushindi wote. Mikono iliondoka kabla ngazi hazijaondoka, na hapo katikati ndipo tunapoishi. Kama sheria ingefika siku ileile utingo anastaafu, nisingekuwa na cha kuandika.

Ule ujumbe wa kwanza wa mpwa aliujibu hatimaye. Alichukua futi ya fundi cherehani, ile ya manjano iliyofutika tarakimu za mwanzo, akapima kiti kutoka ukingo wa gurudumu hadi ukingo: sentimita 64. Akapima tena kuhakikisha. "Zaidi ya miaka hamsini," akaniambia akiwa ameinama, "watu wananiuliza kilichonipata. Huyu mtoto ameniuliza kipimo."

Viza bado. Tarehe ya mahojiano iko mbali, na watu wa umri wetu hawahesabu miezi kwa uhakika mkubwa. Huenda kebini ile ya Miami akailalia mtu mwingine. Futi ya cherehani, hata hivyo, hakuirudisha kwenye sanduku la mama.

Jioni moja baada ya alasiri aliniita twende stejini. Mabasi ya usiku yalikuwa yamepangwa, injini zinanguruma, wachuuzi wanauza maji ya chupa na sambusa, vijana wa miraa wanakimbia na marobota. Kaka alijisukuma hadi kwenye mlango wa basi la kwanza, akamwita makanga, akampa ncha ya futi. "Shika hapo, kijana. Usiilegeze." Kijana akashika. Mlango: sentimita 71. Kiti kinapita. Ngazi ya kwanza kutoka ardhini: 42. Kijana akatumwa ndani apime njia ya katikati, akapiga kelele kutoka gizani: 37! Kaka akatikisa kichwa, akaenda basi la pili, kisha la tatu, na kufika la nne walikuwa makanga watatu wanaobishana ni basi la nani lenye ngazi fupi, na mmoja anasema kwamba ukiweka ubao hapa na chuma pale mzee anaingia mwenyewe, na mwingine anamwambia hajui hesabu.

"Mzee, hizi namba utazipeleka wapi?" akauliza yule wa kwanza.

"Bado natafuta," kaka akasema. "Pima ile ya mwisho."

Zamani kwenye steji hiihii nilishika magongo na mfuko wa vyuma. Jioni ile nilipewa daftari la Kasuku na kalamu, nikaambiwa niandike vizuri.